Transfa Tatu za Lori la Nguzo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na saa tano nimefungua daftari hili. Nilipokuwa nikifundisha ufundi wa magari, kila msimu wa mvua niliandika kumbukumbu za vitu vilivyovunjika, maana mvua ndiyo inayopima chuma. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja. Tangu nistaafu ninaishi chumba cha nyuma cha gereji ya binti yangu, na kukaa bure kunaniwasha mwilini kama upupu.

Leo limeletwa lori la nguzo. Mwenyewe ni mkandarasi wa umeme, mama mmoja mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Wafanyakazi wake wanamwita Mama Nguzo, naye anaitika. Lori lake hupeleka nguzo za umeme vilimani, ishirini kwa safari, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha hugeuka uji. Ndiyo maana linavuta kwa magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma. Injini ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi mia na themanini. Mwezi uliopita binti yangu aliitoa, akafunga nyingine ya farasi mia nne na ishirini iliyotoka kwenye trela lililopinduka. Nilimwambia amemfunga fahali kwenye mkokoteni wa punda. Akasema mkokoteni nao utaimarishwa, akaendelea kukaza nati.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimezipanga spana kuanzia kubwa hadi ndogo. Baada ya chakula nikazipanga tena, ndogo hadi kubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfahamu dereva wa lori. Wanamwita Kinanda kwa sababu haachi kuvumisha wimbo mdomo ukiwa umefungwa, na wenzake wanaapa kwamba anapandisha na kushusha sauti kwa kufuata injini. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, anavua kofia akizungumza nami ingawa nimemwambia si lazima. Nilimuuliza analionaje lori na injini mpya. Akafikiri, akasema zamani lilikuwa likipanda mlima kama linakwenda kulipa faini. Sasa linapanda kama limeitwa harusini.

Nimecheka. Lakini sikupata utulivu kutwa nzima. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama naenda kulichungulia lori kwa chini.

Jumatano, 12 Machi

Transfa ya lori imevunjika, kama nilivyoonya.

Nieleze taratibu. Transfa ni sanduku la gia linalokaa nyuma ya giaboksi. Giaboksi inapokea nguvu kutoka kwenye injini. Transfa inaipokea kutoka kwenye giaboksi na kuigawa, fungu moja kwa magurudumu ya mbele, fungu moja kwa ya nyuma, kwa shafti mbili zinazopita chini ya lori. Watu huuliza transfa inavumilia farasi wangapi, na mimi darasani nilikuwa nikilifuta swali hilo ubaoni. Farasi hueleza kazi inafanyika kwa haraka kiasi gani. Kinachovunja jino la gia ni msokoto, na msokoto huongezwa na gia iliyoingizwa. Injini hii inatoa msokoto wa nyutoni-mita elfu moja na mia tisa. Gia ya kwanza inauzidisha mara tisa: elfu kumi na saba na mia moja. Kibati kilichogongwa ubavuni mwa transfa kinasema mwisho wake ni elfu kumi na mbili. Basi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeimaliza hesabu hiyo kabla ya kengele.

Lori lilikuwa linapanda mlima wa tatu, tope hadi katikati ya gurudumu. Kinanda anasema alisikia kama mtu ametafuna mfupa. Tulipofungua sanduku, gia ya kati ilikuwa imebaki na meno saba.

Nilimweleza binti yangu hesabu nzima. Alinisikiliza huku akinawa mikono kwa mafuta ya taa. Hakubisha wala hakukubali. Alisema tu, "Kwa hiyo tutafute ya elfu ishirini."

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Anatafuta.

Jumatatu, 17 Machi

Ameipata. Transfa hii imetoka kwenye lori la magogo. Kibati chake kinasema elfu ishirini na mbili. Gia zake ni nene kama vitabu vya sheria. Inatofautiana na ile ya kwanza kwa jambo moja ambalo lazima nilieleze. Ile ya kwanza ilikuwa na difu ya katikati, yaani gia ndogo zinazoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi zisizolingana. Hii haina. Ina loki tu. Ukiiingiza loki, mbele na nyuma vinafungwa pamoja kama miguu ya wanaoshindana ndani ya gunia. Ukiitoa, nguvu yote inakwenda nyuma, na mbele panafuata tu.

Mama Nguzo naye amenunua matairi mapya ya nyuma, ya mbele ameyaacha yale yale.

Nilikaa na penseli nusu siku. Loki ikitolewa, msokoto wote wa elfu kumi na saba unabebwa na shafti ya nyuma peke yake. Loki ikiwa ndani, shafti mbili zinagawana mzigo, kila moja inabeba nusu. Kwa injini yenye nguvu kama hii, hakuna haja ya kusitasita. Nilichukua kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa wino mweusi: LOKI ISITOLEWE. MZIGO UGAWANYWE. Nikakibandika mbele ya usukani mimi mwenyewe.

Kinanda alikisoma mara mbili. Akauliza, "Hata kwenye lami, Mwalimu?"

Nikamwambia hata kwenye lami, kisha nikampa sababu kwa muda wa nusu saa, na mchoro. Alisikiliza kofia ikiwa mikononi.

Alhamisi, 20 Machi

Safari mbili, nguzo arobaini. Transfa imetulia. Mimi sijatulia, lakini hiyo ni hali yangu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya siku tatu mfululizo. Bati la chumba changu lina sauti ya watu wanaobishana bila kusikilizana.

Kinanda amekuja kuniambia kwamba lori "linajishikilia" likiwa kwenye lami. Usukani unakuwa mzito, na akiondoa mguu kwenye mafuta linasimama haraka kuliko zamani, kama kuna mtu amelishika mkia. Halafu likiacha lami na kuingia matopeni, anasema, "linashusha mabega." Nilimwomba arudie neno hilo. Akarudia, akainua mabega yake mwenyewe hadi masikioni na kuyaachia.

Nilimweleza kwamba sanduku la gia lililohamishwa kutoka gari moja hadi jingine huchukua muda kuzoea. Akasema sawa, Mwalimu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeazima mwavuli wa binti yangu nikatembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Sikuwa na ninachokifuata.

Jumatano, 2 Aprili

Kinanda tena. Safari hii aliomba ruhusa: kutoka kituo cha mafuta hadi njia panda ya machimbo ni kilomita arobaini za lami tupu, je, anaweza kutoa loki hapo tu, kisha airudishe akifika kwenye udongo? Nilimjibu kwamba sheria ikishaanza kuwa na vighairi si sheria tena. Akasimama kidogo, kama mtu anayesubiri chenji. Kisha akaenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Imevunjika ya pili.

Nina hasira. Imevunjika kwenye lami, kwenye kona kabla ya daraja, lori likiwa na nguzo kumi na nane na likienda mwendo wa kawaida. Kilichokatika ni shafti fupi inayotoka kwenye transfa kwenda mbele. Imesokotwa kama nguo iliyokamuliwa, halafu ikakatika, na kipande chake kikalipasua sanduku. Lori lilikaa limekingama barabarani kwa saa nne. Watu walishuka kwenye magari yao wakapita chini ya nguzo kwa miguu, na kila aliyepita alikuwa na ushauri.

Mama Nguzo alifika gereji kabla ya lori kuvutwa. Hakuketi. Alisema kule vilimani mashimo mia mbili yamechimbwa na yanajaa maji, na mvua ikiyabomoa itabidi yachimbwe upya. Nikaanza kumweleza tofauti ya transfa ya kwanza na ya pili. Akanikata.

"Mwalimu, nilikuja kuchukua lori, sikuja kuchukua somo. Ulisema hii haivunjiki. Imevunjika. Sasa aliyeivunja ni nani?"

Nilimwomba siku mbili.

Hesabu yangu haina kosa: elfu kumi na saba haiwezi kuvunja elfu ishirini na mbili. Kwa hiyo kuna nguvu iliyoongezeka kutoka mahali pengine, na mahali pengine ninapopajua ni mguu wa dereva. Dereva akipandisha mwendo wa injini kisha akaachia klachi ghafla, uzito wote wa injini unagonga gia kama nyundo, na msokoto unapanda mara mbili, hata mara tatu. Nimeona wanafunzi wakivunja shafti hivyo uwanjani, wakijionyesha mbele ya wasichana. Nguvu mpya inalewesha. Hata mtu mpole.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeandika ripoti, kurasa mbili. Neno "uzembe" sikulitumia. Niliandika "kuachia klachi ghafla mara kwa mara". Mama Nguzo akaisoma asubuhi uwanjani kwake, mbele ya madereva wote saba, kwa sauti ile yake, akaongeza neno "uzembe" mwenyewe.

Nilikuwepo. Alimuuliza Kinanda ana la kusema. Kinanda akasema hana. Akanitazama kwa muda mrefu, si kwa chuki, kama anayesubiri niendelee. Nilichukulia kuwa ni aibu. Kisha akapewa barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akaondoka kwa miguu kwenye manyunyu.

Miaka kumi na tisa ameendesha malori, na barua hiyo inasema ameharibu mitambo miwili. Hakuna tajiri atakayempa funguo akiisoma.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Binti yangu amepata transfa ya tatu, pacha wa ile ya pili, kwa muuzaji yule yule. Hatuzungumzi sana. Namuuliza kama ana jambo, anasema ana kazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Dereva mgeni ameanza. Ni mzee kama mimi, anaendesha kama aliyebeba mayai. Nilimwonyesha karatasi iliyo mbele ya usukani. Akasema yeye hufuata kilichoandikwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimezihesabu spana. Ziko zote.

Jumamosi, 19 Aprili

Lori lilirudi saa nane mchana. Binti yangu aliingia chini yake hata kabla injini haijazimwa, akaweka kiganja kwenye transfa, akakiondoa haraka. Akatoka, akanionyesha vidole vilivyokuwa vyekundu.

"Baba," akasema, "na huyu mzee naye anaachia klachi?"

Sanduku la gia lenye mafuta ya kutosha, lisilozidiwa mzigo, unaweza kulishika. Hili ungeweza kukaangia yai. Siku tano tu.

Nimetembea gereji nzima, kutoka kwenye jeki hadi kwenye tangi la maji, hata binti yangu akaniomba nikae au nitoke.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekaa. Nimetoka. Nimerudi.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo lazima niandike kwa utaratibu, maana nikiruka hatua nitajihurumia.

Ile shafti iliyokatika ya transfa ya pili imekuwa ikilala juu ya meza ya kazi tangu mwanzo wa mwezi. Nilikuwa nimeiandikia ripoti bila kuishika mkononi. Niliitazama tu, nikaona imesokotwa, na msokoto nilioutafuta nikawa nimeupata. Asubuhi hii niliinyanyua ili nifute meza, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Nikaigeuza upande wa mbele.

Chuma kikisokotwa kinabaki na mistari inayozunguka, kama ya kwenye skrubu, na mistari hiyo inaonyesha kimesokotwa kuelekea upande gani. Injini ya lori hili huizungusha shafti ya mbele kuelekea upande mmoja. Mistari ilikuwa imekwenda upande wa pili.

Nilidhani nimeshika kinyumenyume. Nikageuza. Skrubu haibadiliki kwa kugeuzwa, na mimi nimefundisha hivyo, lakini niligeuza mara nne.

Dereva aachie klachi kwa hasira ya kiasi chochote, injini haiwezi kusokota kinyume cha inavyozunguka. Ingewezekana tu akirudi nyuma. Nikampigia simu msimamizi wa mizigo wa Mama Nguzo, nikamuuliza kama Kinanda aliwahi kurudisha lori nyuma likiwa na mzigo. Akanicheka. Nguzo zinatokeza mita nne nyuma ya lori, akasema. Hakuna anayerudi nyuma nazo, wanashusha kwanza. Utaratibu huo upo tangu siku ya kwanza.

Basi iliyoisokota shafti ile haikuwa injini. Nguvu ilitoka upande wa pili, kutoka barabarani, ikapanda kupitia matairi ya mbele. Hapo nikajua, nikaketi juu ya ndoo.

Nilimpigia dereva mgeni, aliyekuwa njiani, nikamwambia atoe loki mara moja. Akauliza, "Na hii karatasi?" Nikamwambia aichane.

Lori liliporudi saa kumi niliweka alama ya chaki kwenye tairi la mbele na sakafuni, tukalisogeza mzunguko mmoja, nikapima kwa futi kamba: mita tatu na sentimita ishirini. Tairi la nyuma, jipya: mita tatu na sentimita ishirini na nane. Tofauti ya sentimita nane. Tairi lililolika ni dogo, kwa hiyo lazima lizunguke mara nyingi zaidi ili kufika mahali pale pale. Kila kilomita moja, magurudumu ya mbele yanatakiwa kuzidi ya nyuma karibu mizunguko minane. Difu ya katikati ingeyaruhusu. Loki haiyaruhusu. Kwa kilomita arobaini za lami, lori lilikuwa linapigana na nafsi yake: barabara inaisukuma shafti ya mbele iende haraka, transfa inaizuia, chuma kinajikaza, usukani unakuwa mzito. Likifika kwenye tope, tairi linateleza kidogo na ule mkazo unaachia.

Linashusha mabega. Aliniambia. Alinionyesha kwa mabega yake mwenyewe.

Hesabu yangu ya kugawana nusu kwa nusu ilikuwa sahihi kwa lori lisiloenda popote. Nilimweleza binti yangu yote haya, nikaanza tangu mwanzo, na katikati nikaona kwamba hanitazami. Anakifunga kisanduku cha vifaa. Akasema alianza kushuku siku ya Jumamosi, alipoungua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba na yeye alikuwa mwanafunzi wangu, na kwangu mtu habishi, husubiri nimalize.

Jumanne, 22 Aprili

Nilitaka kwenda kwa Kinanda asubuhi. Mvua. Nilitaka kwenda mchana. Viatu vilikuwa havijakauka. Niliandika ripoti nyingine na kuichana, kisha nyingine, zote zilikuwa ndefu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda.

Nyumba yake ina vyumba viwili, na cha mbele ndicho kiwanda cha mke wake: cherehani, rundo la sare za shule, uzi kila mahali. Kinanda alikuwa ameketi kwenye kigoda akimfungulia mke wake mishono iliyoharibika kwa wembe. Hakuwa anavumisha chochote. Mke wake alinikaribisha kwa adabu, akaniondolea sare kwenye kiti, kisha akarudi kwenye cherehani na kuendelea kushona kama sipo.

Nilimwambia Kinanda kosa lilikuwa langu. Loki na karatasi yangu ndivyo vilivyovunja transfa ya pili, na shafti yenyewe inashuhudia. Hakushangaa. Nilimuuliza kama alijua.

"Nilijua ni loki," akasema. "Ningeitoa siku ya kwanza, Mwalimu."

"Sasa uwanjani, ulipoulizwa, kwa nini ulinyamaza?"

Aliuweka wembe chini. "Nilidhani kuna kitu unakijua ambacho mimi sikijui. Nikasubiri ukiseme."

Sina cha kuongeza kwenye sentensi hiyo. Nimeiandika kama alivyoitamka.

Nilimwambia nitakwenda kwa Mama Nguzo siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. Alisema, akiwa ameshusha sauti ingawa chumba ni kidogo, kwamba nianze na mke wake, kwa kuwa kwa wiki mbili amekuwa akimuuliza usiku na mchana alikuwa anakimbilia wapi na lori la watu, na yeye hana jibu.

Nikamgeukia. Nilianza na transfa: nikamweleza kwamba ni sanduku linalogawa nguvu. Nikaingia kwenye matairi. Nikaokota kigurudumu cha uzi ili kimsaidie kuona mzunguko. Cherehani ikasimama.

"Mwalimu," akasema, "alikosea au hakukosea?"

"Hakukosea."

"Wewe ndiye uliyekosea?"

"Mimi."

Alimtazama mume wake, si mimi. Kisha akatoa sare nyingine kwenye rundo, akaiweka chini ya sindano, na cherehani ikaanza tena. Kinanda alichukua wembe wake. Nikaaga.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama Nguzo alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa ofisi. Ripoti mpya ilikuwa na mistari sita. Alisema anaielewa, lakini dereva mgeni yupo, kazi inakwenda, na akimrudisha Kinanda itakuwa amekiri kwamba alimfukuza mtu bila kosa.

Nikamwambia alimfukuza kwa karatasi yangu, na karatasi yangu ilisomwa mbele ya watu.

"Unataka niisome na hii?"

"Hapana. Nitaisoma mwenyewe."

Alinitazama kama anayepima nguzo iliyopinda. Akasema njoo kesho saa kumi na mbili na nusu, wakipakia.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua ilikuwa ndogo. Madereva sita walikuwa chini ya paa la bohari, vikombe mikononi. Nilikuwa nimejitayarishia utangulizi. Niliuacha. Nilisoma mistari sita: kwamba transfa ya pili ilivunjwa na amri niliyoitoa mimi ya kutotoa loki kwenye lami, huku matairi ya mbele na ya nyuma yakiwa hayalingani, kwamba dereva alinionya mara mbili, nami nikakataa, kwamba ripoti yangu ya tarehe saba ni ya uongo, ingawa niliiandika nikiiamini.

Dereva mmoja aliuliza kama matairi yakilingana loki inaweza kubaki. Nilimjibu kwa sentensi moja: kwenye tope iingize, kwenye lami itoe. Mwingine akasema ile barua ya Kinanda ingefaa kuchanwa mbele ya watu vilevile. Mama Nguzo akamwambia anyamaze, lakini akamtuma karani akalete faili.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua imefutwa na nyingine imeandikwa. Jumamosi Kinanda aliitwa arudi kazini. Ametuma salamu kwamba atarudi Jumatano, mke wake ana sare za kumaliza. Mama Nguzo amefoka kwenye simu nusu saa. Lakini amesubiri. Dereva mgeni atapewa lori dogo, na anasema alikuwa ameshachoka kukaa juu hivyo.

Binti yangu amebadilisha matairi ya mbele. Yote sita sasa yanalingana. Nimeyapima, na yeye ameyapima baada yangu. Zamani ningeudhika.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imekatika tangu jana. Matope yamebaki, na mashimo kule vilimani, wanasema, theluthi moja yameporomoka. Hilo nalo ni langu.

Kinanda alikuja gereji saa moja kulichukua lori. Alivua kofia, tukasalimiana. Alilizunguka lori taratibu, akapiga kila tairi teke dogo, akapanda. Injini iliponguruma nilisikia, juu yake, ule wimbo wake usio na maneno ukiitafuta sauti.

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wake. Aliteremsha kioo na kuinama kuelekea kwangu, akanitazama kwa ile subira yake. Nikamwambia safari njema. Akaitikia, lakini hakuondoka. Alikaa hivyo kidogo, mguu kwenye klachi, kwa mazoea, akidhani kuna la ziada.

Halikuwepo. Akaachia klachi, polepole, lori likaenda.